Mkono wa kulia ndio unaolipa kodi ya nyumba

Kijana anayeliangukia gitaa la umeme kwa mapenzi ya roki nzito huanza na solo. Hujifungia chumbani, akashinda akivikimbiza vidole vya mkono wa kushoto juu na chini ya shingo ya gitaa, na mwaka ukipita anaweza kukupigia solo sita ukashika mdomo. Sasa mwambie amsindikize mwimbaji kwa dakika nne, kordi tatu tu, mwendo mmoja, asitangulie wala asichelewe. Hapo ndipo mpiga dramu anapoanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Makala haya ni ya yule anayetaka roki nzito iwe kazi, imlipie chakula na paa. Rai yangu ni moja: solo hukupa sifa, lakini kinachokulisha ni mkono unaopiga nyuzi, nyimbo zenye jina lako kwenye karatasi, na bendi isiyovunjika kila mwaka. Anayebisha amtazame Malcolm Young.

Wapenzi wengi wa bendi yake, AC/DC, humjua mdogo wake, Angus, yule wa kaptura na sare ya shule anayerukaruka jukwaa zima. Malcolm alisimama nyuma, karibu na dramu, mbele ya amplifaya zake. Wakati wa kiitikio alisogea kwenye maikrofoni, akaitikia, akarudi alikotoka. Alizaliwa Glasgow, Uskoti, Januari 1953, na familia ikahamia Sydney, Australia, mwaka 1963. Aliacha shule mapema, akawa fundi wa kutengeneza mashine za kushonea katika kiwanda cha sidiria. Mwishoni mwa 1973 akaanzisha bendi hiyo na Angus, na usiku wa kuukaribisha mwaka 1974 wakapiga katika klabu ya Chequers mjini Sydney. Kwa miaka arobaini iliyofuata, mtu aliyesimama nyuma ndiye aliyekuwa na neno la mwisho mbele.

Kuzima ni sehemu ya kupiga

Anza na mkono unaopiga nyuzi. Kwa wengi ni wa kulia. Wenye mashoto wageuze maelezo, na wasijisikie wapweke, maana Tony Iommi wa Black Sabbath ni mwenzao. Weka metronomu, ya simu inatosha, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Chukua kordi moja, E. Ipige kwenye pigo, kisha izime kabla ya pigo linalofuata. Unaizima kwa ubavu wa kiganja cha kulia kinachotua juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea bila kuachana na nyuzi. Ukilegeza kushoto peke yake, nyuzi ulizoziacha wazi zitaendelea kuunguruma. Ukitumia kulia peke yake, mara nyingi utachelewa. Mikono miwili ifanye kazi hiyo pamoja, mpaka uzime bila kufikiri.

Halafu sikiliza mwanzo wa wimbo "Back in Black". Kordi ni tatu, E, D na A, kitu ambacho mwanafunzi wa mwezi wa pili anakiweza. Kinachomshinda ni nafasi iliyo kati yake. Kila kordi inapigwa na kukatwa, na katika kile kimya unasikia dramu ikitembea peke yake. Mpigaji mwenye wasiwasi hawezi kuvumilia kimya. Hukijaza kwa vikorombwezo, na rifu yote, yaani kile kipande kinachojirudia, inapoteza uzito. Jirekodi ukiipiga sehemu hiyo dakika tatu mfululizo bila kusimama. Ukimaliza, usisikilize dakika ya kwanza. Kila mtu ni hodari katika dakika ya kwanza. Sikiliza ya tatu. Kama mwendo umeongezeka, rudi kwenye 60.

Jambo la pili la mkono huo: jifunze kupiga kwa kushuka tu. Piki ikishuka na kupanda kwa zamu unakwenda kasi zaidi kwa jasho dogo, lakini mpigo wa kupanda huwa mwepesi, na sikio linaitambua tofauti. Rifu nyingi nzito hupigwa kwa mkono unaoshuka, unaoshuka tena, unaoshuka tena. Misuli ya kigasha itauma wiki za mwanzo. Uchovu wa misuli ni wa kawaida. Maumivu makali ya kiwiko au kifundo cha mkono si ya kawaida, na dawa yake ni kusimama, siyo kukaza meno.

Wazee wa muziki wa dansi hawahitaji kuambiwa haya. Kwenye bendi zao mpiga ridhimu alikuwa na kiti chake cha heshima, na mpiga solo aliyepanda bila ridhimu iliyotulia alisikika akielea. Ajabu ni kwamba vijana waliolelewa na redio zilizojaa muziki huo hukimbilia roki wakidhani kule ridhimu ni kazi ya asiyejua.

Kuna jambo la kifizikia ambalo ukilielewa mapema utaokoa miaka. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Huo ndio mkwaruzo tunaoupenda. Lakini kule kukata kunazaa sauti mpya ambazo hukuzipiga, zinazotokana na jumla na tofauti za zile ulizopiga. Piga E pamoja na B, noti ya tano kutoka hiyo E, na sauti hizo za ziada zinapatana na mama zao. Ongeza noti ya tatu, ile inayoipa kordi furaha au huzuni, na sauti za ziada zinaanza kugombana. Unachosikia ni matope. Ndiyo sababu roki nzito kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya kordi za noti mbili.

Malcolm alipita njia nyingine. Alipunguza mkwaruzo, akapiga kordi kamili zenye nyuzi zilizo wazi, na uzito akautoa mkononi. Wanaomwiga hukosea hapo hapo: wanafungua kitufe cha mkwaruzo mpaka mwisho, kisha wanauliza kwa nini kila noti yao imemezwa na mvumo. Shusha kitufe hicho mpaka uhisi umekipunguza kupita kiasi. Sasa piga kwa nguvu zaidi. Chumbani utajiona uchi. Jukwaani, pamoja na besi na dramu, ndipo utasikika.

Vyombo, kabla hujauza shamba

Gitaa la Malcolm lingerudishwa dukani na mnunuzi yeyote makini. Ni Gretsch Jet Firebird la mwaka 1963, lililokuwa la Harry Vanda, mpiga gitaa aliyekuwa bendi moja na George, kaka yake Malcolm. Malcolm alilichubua rangi, akang'oa na sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, akabakiza moja tu, ile ya karibu na daraja. Matundu yaliyobaki yanaonekana kwenye picha zake. Kwa gitaa hilo bovu la kutazama alipiga karibu kazi yake yote. Brian May wa Queen, bendi aliyoiimbia mzaliwa wa Zanzibar, Freddie Mercury, alianza mwaka 1963 kulichonga gitaa lake nyumbani yeye na baba yake. Shingo ilitoka kwenye ubao wa zamani uliozunguka meko ya kuotea moto. Kwa hiyo anayesema anangoja gitaa la bei mbaya ndipo aanze, ana sababu nyingine.

Pesa ya kwanza baada ya kununua gitaa mpelekee fundi. Kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe dukani. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, uuchune na uuachie, utoe mlio mwembamba kama wa kengele. Kisha ubonyeze uzi huo huo kwenye freti hiyo hiyo, uupige. Milio miwili ikitofautiana, gitaa hilo litatyuniwa lakini halitapatana na lenyewe ukipanda juu ya shingo. Mara nyingi ni kazi ya kusogeza vipande vya daraja tu, wala hakuna haja ya kulikataa. Itumie kupunguza bei. Chuma kilichomo ndani ya shingo, kile kinachonyoosha pale ilipopinda, kizungushwe robo mzunguko kwa siku, si zaidi, na kama hujawahi kukigusa mwachie fundi.

Nyuzi nazo: zinauzwa kwa unene, unaopimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Pakiti nyingi madukani huanza na uzi wa 9 au wa 10. Malcolm alitumia seti nene, 12 hadi 56, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzito na nyuzi nyembamba zingeyumba na kutoka kwenye tyuni. Usimwige hapo kabla mkono wako haujakomaa; anza na 10. Ukiishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumvi na unyevu wa hewa utazila nyuzi zako kabla hujazichosha. Zipanguse kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini ya uzi, na usiliache gitaa ukutani mkabala na dirisha la baharini.

Kwenye amplifaya ndiko watu wanakoungulia. Za mtumba zinazotoka Marekani kwa kawaida ni za volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Ukiichomeka umeichoma. Soma maandishi yaliyo nyuma yake kabla ya kulipa, na kama ni ya volti 120, ongeza kwenye bei gharama ya transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi matumizi ya amplifaya hiyo. Zile za valvu, zenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, usiziwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Nguvu isiyo na pa kwenda inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ni bei ya gitaa la pili. Ukubwa nao usikuhadae. Wati 15 au 20 za valvu zinatosha baa ya kawaida, tena utaombwa upunguze. Zile kuta za makabati ya Marshall unazoziona kwenye video ni za viwanja vya mpira.

Halafu waya wa athi. Hili halina mzaha. Mei 1972, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, kwa kushika maikrofoni yenye hitilafu ya athi akiwa na gitaa lake. Kumbi zetu nyingi zimeunganishwa na mtu aliyekuwa na haraka, na jenereta likiingia katikati ya shoo mambo hubadilika. Nunua kipimio kidogo cha soketi au mwombe fundi mitambo apime mbele yako. Kama midomo inachonyota ukiikaribia maikrofoni, usiishike. Simamisha shoo. Promota atanuna, lakini atanuna ukiwa hai.

Jina lako liwe kwenye karatasi

Malcolm na Angus walikuwa na bahati moja ambayo wengi hatuna: kaka aliyekwisha kuumwa na nyoka. George Young na Harry Vanda walikuwa katika Easybeats, bendi iliyovuma duniani mwaka 1966 kwa wimbo "Friday on My Mind". Kufikia 1969 bendi ilikuwa imevunjika, na wawili hao wakabaki London wakipiga kazi za studio ili walipe madeni. Wimbo ulipigwa kwenye redio za mabara matatu, na wenyewe wanadaiwa! Waliporudi Sydney mwaka 1973 walikuwa wameisoma biashara hii ndani na nje, na ndio waliozitengeneza albamu za kwanza za wadogo zao.

Tazama sasa majina ya watunzi kwenye nyimbo za AC/DC. Enzi za mwimbaji Bon Scott, kwa kawaida ni Young, Young na Scott. Baada ya Scott kufariki Februari 1980, albamu ya Back in Black, iliyorekodiwa Nassau, Bahamas, na kutoka Julai mwaka huo huo, ina Young, Young na Johnson, mwimbaji aliyemrithi. Mpiga besi na mpiga dramu hawamo. Albamu hiyo inakadiriwa kuuza nakala milioni 50 hivi duniani. Kila nakala na kila mara wimbo unapochezwa hadharani, mirabaha ya utunzi inakwenda kwa watu watatu. Kama ni haki au si haki, wanamuziki watabishana mpaka kuche; jambo hilo liliandikwa mapema, na bendi ikaendelea.

Kwa hiyo siku mtakayomaliza wimbo, kabla hamjatoka studio, chukueni karatasi moja. Jina la wimbo, tarehe, nani ametunga maneno, nani ametunga muziki, na kila mmoja asilimia ngapi. Jumla iwe 100. Sahihi za wote. Pigeni picha, kila mtu abaki nayo kwenye simu. Dakika kumi zinatosha, na ni rahisi kuzipata wakati wimbo bado hauna thamani yoyote. Ukishavuma, hata aliyeleta soda studio atakumbuka kwamba alichangia mdundo. Kumbukeni pia kwamba haki ya utunzi ni kitu kimoja na haki ya rekodi yenyewe ni kitu kingine. Anayelipia studio mara nyingi hudai ya pili. Asiondoke na ya kwanza kwa kunyamaza kwenu. Kwa Tanzania, wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa Kenya, haki hizi zinasimamiwa na KECOBO, nayo ndiyo inayotoa leseni kwa mashirika ya kukusanya mirabaha. Kabla ya kujiunga na shirika lolote, uliza kama leseni yake ya mwaka huu ipo.

Lakini karatasi bila wimbo ni karatasi. Rifu huja wakati hukuitazamia, na huondoka hivyo hivyo. Slash wa Guns N' Roses alikuwa akichezea zoezi la kupasha vidole moto, jambo la mzaha kwake, na wenzake wakalisikia. Likawa mwanzo wa "Sweet Child o' Mine". Weka simu karibu na gitaa, na chochote kinachokusisimua kirekodi hapo hapo, hata kama ni sekunde nane, ukitaja tarehe na kordi kwa mdomo. Mwisho wa mwezi sikiliza zote. Nyingi utazifuta. Zile ambazo bado zinakutikisa kichwa mpelekee mpiga dramu, maana rifu isiyosimama na dramu peke yake haitasimamishwa na mwimbaji.

Kupata jukwaa, na kula wakati unalingoja

Hakuna haja ya kudanganyana: soko la roki nzito Afrika Mashariki ni dogo. Nairobi ina jamii yake ya roki na metali yenye bendi na mashabiki wanaojuana kwa majina. Dar es Salaam na Kampala jamii hizo ni ndogo zaidi. Milango ipo, hata ile inayofunguka nje. Wakenya wawili wa Duma, ambao kelele zao zimeivuka roki na kuiacha mbali, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ikasikilizwa Ulaya. Ila kodi ya nyumba inadaiwa kila mwezi, haingoji Ulaya.

Basi piga kopi, yaani nyimbo za wengine. Bendi ya hoteli, kanisa lenye vyombo vizuri, harusi, kufundisha watoto wa watu Jumamosi asubuhi: yote hayo ni shule inayokulipa. Kanisani utajifunza kufuata mwimbaji anayebadili ufunguo katikati ya wimbo bila taarifa. Hotelini utajifunza kupiga kwa sauti ya chini saa nne mfululizo na bado uwe na uhai. Anayedharau kazi hizo kwa sababu yeye ni mtu wa roki, simwelewi. AC/DC yenyewe ilikulia kwenye baa za Australia, mbele ya walevi wasio na subira, na baa ndizo zilizowafundisha kukata maneno kati ya wimbo na wimbo.

Ukipata nafasi ya kwanza ya roki, itakuwa ya dakika 30. Pangeni nyimbo sita, si tisa. Wimbo bora uwe wa kwanza, wa pili kwa ubora uwe wa mwisho, na katikati pasiwe na kutyuni kwa zaidi ya sekunde kumi. Pedali ya kutyuni inayozima sauti wakati unatyuni ni chombo cha kwanza kununua, kabla ya pedali yoyote ya mbwembwe. Begani beba nyaya mbili za gitaa, pakiti ya nyuzi, piki kumi, betri, tochi ndogo. Fika wakati fundi mitambo anafika. Mjue jina. Akikuambia punguza, punguza, kwa sababu amplifaya ikimpigia kelele usoni hawezi kuiweka kwenye spika kubwa, na watu walio nyuma ya ukumbi watasikia dramu na sauti ya mwimbaji tu. Nimeona wapiga gitaa wazuri wakipotea hivyo hivyo, wakidhani wamewaka.

Video nayo isikutishe kwa gharama. Februari 1976 AC/DC walipanda kwenye lori la wazi, wakakatiza Barabara ya Swanston mjini Melbourne wakipiga "It's a Long Way to the Top", kamera ikiwafuata mchana kweupe. Mwaka huo huo wakahamia London na kuanza upya wakiwa hawajulikani, wakipiga katika klabu ya Marquee. Na mwaka huo huo tena, kampuni yao ya Marekani ikaikataa albamu ya Dirty Deeds Done Dirt Cheap. Ilitolewa kule mwaka 1981, baada ya Back in Black, ikauza mamilioni. Kumbuka tu kwamba walipokataliwa hawakukaa kuibembeleza kampuni. Walirudi barabarani, wakarekodi nyingine.

Kuhusu nani awe kwenye bendi, kuwa mgumu mapema. AC/DC walimbadilisha mwimbaji wao wa kwanza mwaka 1974, kabla hawajatoa albamu hata moja. Kumwondoa mtu baada ya albamu tatu ni talaka yenye wanasheria. Kipimo changu ni rahisi: anayechelewa mazoezini mara ya nne bila kupiga simu ameshajiondoa, mmebaki kumwambia tu.

Mwili ndio chombo usichoweza kukibadilisha

Masikio kwanza. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda ulio salama hupungua nusu. Fanya hesabu: desibeli 100 ni dakika 15. Chumba cha mazoezi chenye dramu na amplifaya mbili hupita hapo kwa urahisi. Nunua vizibo vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti yote kwa usawa bila kuziba milio ya juu tu, pamba haitoshi. Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 madaktari walipomwonya kwamba anaweza kupoteza usikivu kabisa. Yeye alikuwa na pesa za kutafutia tiba na akarudi. Mlio wa filimbi unaobaki sikioni asubuhi baada ya shoo ni onyo. Usiposikika tena, usidhani kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa.

Vidole pia. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha Birmingham, mashine ya chuma ilipokata ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia, ambao kwa mtu wa mashoto ndio wa kubonyeza nyuzi. Meneja wa kiwanda alimletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, aliyepiga gitaa kwa mkono uliounguzwa na moto. Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba za banjo, na baadaye akalegeza tyuni ya gitaa zima, kwa hatua nusu tatu chini kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971. Uzito ule ambao bendi za metali zimeuiga tangu hapo kwa sehemu kubwa umetokana na ulegevu huo. Ukiwa na kidole kifupi, mkono mdogo au kiungo kilichovunjika zamani, badilisha kwanza unene wa nyuzi na tyuni kabla hujabadilisha ndoto. Na kama mchana unafanya kazi ya useremala, uchomeleaji au bucha, vaa glavu zinazofaa mashine yako na usiikubali mashine usiyoijua kwa sababu mwenzako hakufika. Hivyo ndivyo ilivyomkuta Iommi.

Pombe ni ya kujadiliwa na bendi nzima, mezani, kabla ya ziara. Bon Scott alikufa baada ya usiku wa kunywa. Malcolm mwenyewe, mwaka 1988, aliona mambo yanamponyoka, akajitoa katikati ya ziara akajitibu, na mpwa wake Stevie Young akaingia mahali pake. Ziara haikuvunjwa. Alirudi na kuendelea. Wengi hushindwa kujitoa kwa sababu wanajua wakitoka leo, kesho hakuna bendi. Ndipo wanapokunywa jukwaani mpaka waanguke.

Kwa hiyo bendi yako iwe na mtu wa kuingia. Mwaka 2014 Malcolm alistaafu kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwenye ziara ya Black Ice, iliyoanza 2008, tayari alikuwa akijifunza upya rifu alizozitunga mwenyewe. Alifariki Novemba 2017. Stevie, aliyekuwa ameshazijua nyimbo, akachukua nafasi. Tengenezeni faili la bendi: kwa kila wimbo, rekodi ya gitaa peke yake bila vyombo vingine, mwendo kwa mapigo, tyuni, kordi kwa mpangilio, na video ya dakika moja inayoonyesha mkono wa kulia kwa karibu. Mkono wa kulia hasa, kwa sababu kordi mgeni atazisikia mwenyewe, lakini mahali pa kuzima hatapajua bila kuonyeshwa. Liwekeni mahali ambapo angalau watu wawili wana nywila yake.